Nyimbo Tulizoziacha Nje ya Mlango wa Kanisa



Ndugu wasomaji, safari hii naomba niongee juu ya filamu ya mapenzi. Najua wapo watakaoshtuka kuliona neno hilo kwenye jarida la seminari, na wapo mafrateri watakaoufungua ukurasa huu haraka kwa sababu hiyo hiyo. Wote nawakaribisha. Filamu yenyewe ni Vuta N'kuvute, kazi ya mwongozaji Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Toronto huko Kanada, na mwaka uliofuata Tanzania iliiteua kuiwakilisha nchi kwenye kinyang'anyiro cha tuzo za Oscar, upande wa filamu za kimataifa. Ni filamu yetu, kwa Kiswahili, na inasimulia mapenzi ya Zanzibar ya miaka ya 1950, wakati Mwingereza bado anatawala, mapenzi yanayokwenda sambamba na muziki wa taarabu.

Nasema filamu hii ioneshwe seminarini na ijadiliwe katika parokia zetu za huku Nyang'hwale, Geita na Msalala. Sababu yangu ni moja. Inauliza swali ambalo huku kwetu tumelikwepa kwa muda mrefu: binti anapoozwa, nani amemwuliza? Na kwa upande wetu wa Usukumani, ushahidi wa swali hilo umo ndani ya nyimbo ambazo Kanisa halikuziingiza ndani, na ambazo sasa zinazikwa pamoja na bibi zetu.

Kwa wasioijua hadithi, nitaisimulia kwa ufupi. Yasmin ni binti wa Kihindi wa Unguja. Ana miaka 15 tu anapoozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu mzima aliyekwisha kupita miaka 50. Ndoa inamshinda. Anatoroka, ndugu zake wanamfungia mlango kwa kuwa amewaaibisha, na anayempokea ni Mwajuma, mwanamke Mswahili asiye na kitu, mkazi wa Ng'ambo, upande ule wa mji walikoishi makabwela. Kwa Mwajuma anajifunza maisha mengine: kula pamoja, kucheka, kwenda kwenye taarabu, hatimaye kuimba. Huko ndiko anakokutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi akarudi na fikra za kumwondoa Mwingereza, ambaye makachero hawamwachi apumue.

Hadithi hii si ya Shivji. Ni riwaya ya Adam Shafi, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Nimeifundisha kwa vijana wa kidato cha tano na cha sita, na majibu yao ya mtihani nayajua hata kabla sijafungua karatasi: Denge ni mpigania uhuru, dhamira ni ukombozi, Yasmin ni mwathirika wa ndoa ya kulazimishwa, basi. Hawakosei. Ila Mwajuma wanampa mistari miwili, wakati mwingine hakuna kabisa, kwa sababu mwongozo wa maswali haukumtaja. Kumbe ukimwondoa Mwajuma hakuna hadithi. Yasmin hakutoka kwa Raza akaangukia moja kwa moja mikononi mwa Denge. Alipita kwanza nyumbani kwa mwanamke aliyempa mkeka wa kulalia na wimbo wa kuimba. Ni baada ya kupata vitu hivyo viwili ndipo akajua anampenda nani na hampendi nani.

Hapo ndipo filamu inapoizidi chaki yangu. Kitabuni unasoma kwamba Mwajuma aliimba, unapita. Kwenye filamu Mwajuma anachezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kweli kweli, na Yasmin anachezwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika. Maneno ni machache. Watu wanaangaliana, taa ya kandili inawapiga upande mmoja wa uso, muziki unasema yaliyobaki. Mtazamaji aliyezoea filamu za vibanda umiza, zile zilizotafsiriwa kwa sauti na kina Lufufu, ambapo hakuna sekunde inayopita bila maneno, mwanzoni atadhani spika zimeharibika.

Nitaeleza kidogo juu ya taarabu, maana wengi wetu wa bara tunaijua ile ya kwenye mabasi. Taarabu ililetwa Unguja kutoka Misri wakati wa Sultani Barghash, karne ya 19, ikawa muziki wa jumba la mfalme, ukiimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Aliyeitoa ikulu akaileta uwanjani ni Siti binti Saad, binti wa Fumba, mtoto wa watu waliokuwa na asili ya utumwa, aliyekuwa akiuza vyungu akivitangaza kwa sauti yake. Aliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri, na sahani hizo zikauzwa Afrika Mashariki yote. Aliimba mapenzi, ndiyo, lakini pia aliimba juu ya mahakimu wanaopindisha haki na wanawake wanaodhulumiwa wasipate mtetezi. Shaaban Robert alimheshimu kiasi cha kumwandikia wasifu kitabu kizima. Kwa hiyo Mwajuma wa filamu anapoimba, Mzanzibari anayesikiliza anasikia pia historia hiyo ya mwanamke asiye na cheo aliyepata pa kusemea.

Wataalamu watabishana kama taarabu ni muziki wa asili au la, kwa kuwa ina fidla na kanuni za Misri. Waacheni wabishane.

Sasa turudi bara, tena huku kwetu. Kharumwa hakuna taarabu, kuna mbina. Msukuma wa zamani hakulima kimya, hakuwinda kimya, hakuoa kimya. Bugobogobo, ngoma ya majembe ambayo watalii wanaipiga picha leo, ilikuwa kazi: vijana wamepanga mstari shambani, ngoma inapigwa pembeni, jembe linapanda na kushuka kwa mdundo mpaka ekari inaisha kabla jua halijawa kali. Kulikuwa na wigashe, ambayo waimbaji wake hukaa chini. Kulikuwa na ngoma za wawindaji wa nungunungu na za wacheza nyoka. Na juu ya yote kulikuwa na ushindani wa Bagika na Bagalu, ulioanzia kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliogombana juu ya nani mkali zaidi. Mpaka leo mcheza ngoma wa Kisukuma ni wa upande mmoja kati ya hizo mbili, na ukitaka kujua urafiki wa watu una mipaka, kawaulize Jumapili ya mashindano.

Kanisa lilifanya nini na utajiri huo? Hapa lazima nitaje jina ambalo kila mseminari wa kanda hii anapaswa kulijua: Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Pale Bujora, Kisesa, si mbali na Mwanza, alijenga kanisa la duara na kuzitumia alama za utemi wa Kisukuma kumtangaza Kristo Mfalme. Alikusanya ngoma, viti vya watemi, majembe na mikuki, kazi iliyozaa makumbusho ya Wasukuma. Sherehe ya Bulabo, inayofanyika katika majira ya Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, iliwaleta Bagika na Bagalu wacheze mbele ya umati uliotoka kwenye maandamano ya Sakramenti. Mengi ya hayo aliyaanza kabla ya Mtaguso. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipokuja kusema, katika hati juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 119, kwamba muziki wa asili wa mataifa ya misioni upewe heshima na nafasi yake, Bujora walikuwa wameshaanza. Mwaka huo huo wa 1963 padre wetu Mtanzania, Stephen Mbunga, alitoa kitabu juu ya sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu. Hivyo asituambie mtu kwamba Kanisa la nchi hii lilidharau ngoma. Halikudharau.

Lakini lilichagua. Liliingiza ngoma yenyewe kama chombo, likaingiza jembe, likaingiza kiti cha mtemi, likaingiza midundo ya shangwe. Nyimbo za mapenzi, za uchumba, za ugomvi wa mke na mume, za binti anayepelekwa kwa mume asiyemjua, hizo ziliachwa nje ya mlango. Na waliozisimamisha nje zaidi hawakuwa Wazungu. Walikuwa makatekista wetu, babu zetu, waliowajua vizuri majirani zao.

Walikuwa na sababu, na si haki kuwacheka. Ngoma za mashindano zilikwenda na dawa ya kuvuta watazamaji, kila upande na mganga wake. Ngoma za usiku ziliishia vichakani. Halafu kuna chagulaga, ambayo kila aliyekulia huku anaijua: kundi la vijana linamzingira binti mmoja, njiani anapotoka gulioni au ngomani, linamfuata likimwambia achague mmoja kati yao, na hawamwachii mpaka achague. Wapo wanaoitetea kuwa ni mila ya kumpa binti uhuru wa kuchagua. Mimi sioni uhuru wowote kwa mtoto wa miaka 16 aliyezungukwa na wanaume saba gizani. Mkristo hawezi kuikusanya mila kwa macho yaliyofumbwa, na sitaki mtu yeyote asome makala hii akadhani nataka turudi huko.

Ila katekista alipofunga mlango usiku ule wa chagulaga, alifungia nje na sauti ya yule binti.

Naeleza. Miaka michache iliyopita, bibi mmoja wa kigango cha jirani alikubali kuniimbia wimbo wa harusi aliojifunza kwa mama yake. Sitauandika hapa, ni wake. Nasema tu ulivyokwenda. Mwimbaji anawahesabu ng'ombe wa mahari mmoja mmoja kwa rangi zao, anawasifu, pembe zao, nundu zao, mpaka unadhani ni wimbo wa kumpongeza baba mkwe. Kisha anawageukia ng'ombe wenyewe, anawauliza ni yupi kati yao atakayemchotea maji akiwa mjamzito. Wanawake waliokuwa wamekaa nasi walicheka, mmoja akafuta macho. Bibi aliniambia wimbo ule uliimbwa mbele ya wazee wote, na wazee walicheza. Ilikuwa ruhusa kuimba kitu ambacho kukisema kungemletea fimbo.

Sasa linganisheni na ofisi ya parokia. Wachumba wanakuja kuandikisha ndoa. Padre, kama sheria inavyotaka, anamhoji kila mmoja peke yake: umekuja kwa hiari yako? Kuna mtu amekulazimisha? Binti anajibu, ndiyo nimekuja kwa hiari, hapana hakuna. Nje kwenye benchi amekaa baba yake na wajomba wawili, na huko nyumbani ng'ombe wameshaingia zizini, wawili wameshauzwa kulipa deni la pembejeo za pamba. Fomu inasainiwa. Matangazo yanasomwa Jumapili tatu. Seminari Kuu tunafundishwa kanuni ya 1057, kwamba ndoa inafanywa na hiari ya wanaooana na hakuna mamlaka ya kibinadamu inayoweza kuijaza nafasi ya hiari hiyo. Tunafundishwa kanuni ya 1103, kwamba ndoa iliyofungwa kwa nguvu au kwa hofu kubwa ni batili. Vizuri sana. Frateri anazijua kanuni zote mbili kwa moyo, lakini hajawahi kusikia namna binti wa Kisukuma anavyosema hapana, kwa sababu hapana ile haisemwi kwa neno hapana.

Na hili ni jambo la watu wengi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionesha kwamba Shinyanga, kati ya wanawake wa umri wa miaka 20 hadi 24, asilimia 59 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Kitaifa ilikuwa asilimia 37. Shinyanga iliongoza nchi nzima. Wakati ule mkoa wa Geita ulikuwa haujazaliwa, sisi wa Kharumwa tulihesabiwa Mwanza, lakini ng'ombe wa mahari hawaangalii mpaka wa mkoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi, umri ule ule wa Yasmin. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali mwaka 2019. Kwa hiyo mtu akisema Yasmin ni habari za zamani za Wahindi wa Unguja, amwangalie vizuri binti anayeosha vyombo nyumbani kwake.

Dhahabu nayo imeongeza yake. Kijana aliyebahatika kwenye mashimo ya Nyarugusu au pembeni mwa Kakola anaweza kuleta mahari yote kwa siku moja, kwa fedha taslimu, bila ukoo wake kumjua wa bintiye wala wa binti kumjua yeye. Zamani kuhesabu ng'ombe kulichukua miezi, na katika miezi ile watu waliimbiana, walitukanana kwa utani, tabia zikajulikana. Sasa muamala unaingia kwenye simu, na jioni binti amehamia. Mapadre wanaiita uchumba sugu pale wanapokaa miaka kumi bila ndoa. Kwenye harusi za wachache wanaofunga, anayeimba ni spika ya diijei, na bibi yuko jikoni nyuma akikoroga.

Najua pingamizi litakalotoka kwa walezi. Frateri anajiandaa kwa useja. Kwa nini umwoneshe mapenzi ya Yasmin na Denge? Nitajibu kwa heshima, maana wengine kati yao ni walimu wangu. Frateri huyo ana simu kipindi cha likizo. Aliyoyaona kwenye simu hiyo hayana Mwajuma, hayana wimbo, na hayana mtu wa kujadiliana naye. Pili, Biblia anayoisali ina Wimbo Ulio Bora, na hakuna aliyeurarua. Papa Benedikto wa 16, katika waraka wake wa kwanza, Mungu ni Upendo, wa mwaka 2005, hakuuogopa upendo wa mume na mke, aliuanza nao. Papa Fransisko naye, katika wosia wa Furaha ya Upendo wa mwaka 2016, namba 129, alitaja filamu kwa jina, ile ya karamu ya Babette, alipotaka kueleza furaha ya kumfurahisha mwingine. Na wakumbuke kwamba tarehe ile ile ya 4 Desemba 1963, pamoja na hati ya Liturujia, Mababa wa Mtaguso walitoa pia hati juu ya vyombo vya upashanaji habari, sinema ikiwemo.

Padre mseja ndiye atakayekaa na mke aliyepigwa, na mume aliyeachwa, na wachumba wasiojua wanachofanya. Akiwa haijui lugha wanayoitumia watu wake kusema mapenzi na kusema uchungu wa mapenzi, atawajibu kwa kitabu.

Kuna hatari nyingine ambayo naiona kubwa kuliko ya useja, na nimeijua kwa filamu ya mbali. Mwaka 2018 Paweł Pawlikowski wa Poland alitoa filamu iitwayo Cold War, yaani Vita Baridi, isiyo na rangi, nyeusi na nyeupe tupu. Inaanza mwaka 1949. Wanamuziki wawili wanazunguka vijijini na mashine ya kurekodi, wanawaimbisha wazee na wasichana wa mashambani, kisha wanaunda kundi la taifa la ngoma na nyimbo. Mmoja wao, Wiktor, anampenda Zula, msichana mwimbaji. Kundi linapendeza, wakubwa wa chama wanakuja kulitazama, wanapongeza, halafu wanaomba jambo dogo: kuwe na nyimbo za kusifu mageuzi ya kilimo, na moja ya kumsifu Stalin. Wimbo wa mapenzi uliookotwa kijijini unarudi tena na tena, kila mara umevalishwa nguo nyingine, mpaka Paris kwenye kilabu cha usiku, na kila ukirudi wapenzi wenyewe wamechakaa zaidi. Mwisho wake una giza, nawatahadharisha. Wapenzi hao wanajifungisha ndoa wenyewe katika kanisa bovu lisilo na paa, na mafrateri wa sheria watakimbilia kanuni ya 1116 kabla hawajalia.

Sisi hatuna haja ya kuwacheka Wapoland. Ngoma za huku kwetu nazo zilivishwa sare. Mzee Mwinamila wa Tabora na kundi lake la Hiari ya Moyo walijulikana nchi nzima kwa nyimbo za chama, na alikuwa manju wa kweli, hodari, simdharau hata kidogo. Lakini tangu hapo, msimu wa kampeni ukifika, ndipo ngoma inapokumbukwa, inapakiwa kwenye lori, inacheza dakika kumi mgeni akishuka kwenye gari. Na sisi wa kwaya tunafanya vile vile kwa upole zaidi. Tunachukua sauti ya wimbo wa bibi, tunatoa maneno yake yote, tunaweka Bwana anakuja, tunaongeza kinanda. Mara nyingine unatoka wimbo mzuri wa Komunyo. Lakini yule bibi aliyewauliza ng'ombe swali lake, swali limefutwa, na hakuna aliyelijibu.

Kwa hiyo ninachoomba siyo nyimbo hizi ziimbwe Misani. Nyingine haziimbiki hata mbele ya mama mkwe. Naomba zirekodiwe kama zilivyo na zisikilizwe. Wageni wametutangulia. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mashine yake mwaka 1950, na kazi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini. Mmarekani Frank Gunderson alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma kwa mamia, akazitolea kitabu kikubwa mwaka 2010, kinachouzwa kwa bei ambayo parokia ya huku ingenunua mbuzi kadhaa. Nawashukuru wote wawili. Lakini Gunderson alifuata hasa nyimbo za jembe na kazi. Nyimbo za chumba cha wanawake zinamtaka mtu anayeweza kurudi wiki ijayo, na ijayo yake, anayejua bibi huyu alizaa wangapi na wangapi wamezikwa.

Juu ya filamu yenyewe, sikupenda kila kitu. Dakika tisini na kidogo hazibebi riwaya nene, na mtu asiyesoma kitabu atajiuliza maswali juu ya Denge na chama chake. Denge, kwa maoni yangu, anaipenda siasa kuliko Yasmin, na filamu inamwonea haya kumwambia hivyo. Zipo pia picha za faragha ambazo mwalimu mwenye busara atataka kuwa chumbani wakati vijana wanazitazama, ili baadaye waulizane maswali. Isioneshwe kwa seminari ndogo za kidato cha kwanza. Kidato cha tano na kuendelea, ndiyo, na kwa wazazi wa WAWATA na UWAKA wa parokia, hata zaidi. Ningependa sana kusikia mazungumzo ya akina baba baada ya ile sehemu ya Raza.

Likizo inakaribia. Frateri anayekwenda nyumbani Kharumwa, Nyijundu au kokote kwenye kanda hii ana simu yenye kinasa sauti. Aende kwa bibi, asalimie kwa Kisukuma, mwangaluka, asianze na simu. Asaidie kupukuchua mahindi kwanza. Aulize waliimba nini mtu alipoolewa, si ngoma gani ziliimbwa, maana akiuliza ngoma ataambiwa bugobogobo kama watalii. Aombe ruhusa ya kurekodi, na aandike jina la wimbo, la kijiji, la aliyemfundisha bibi. Asisahihishe neno hata likiwa chafu. Nakala moja abaki nayo, nyingine aipeleke kwa paroko, na nyingine ampe bibi kwenye simu ya mjukuu. Wanaume wawe tayari kuambiwa watoke nje nyimbo fulani zikifika, na wakiambiwa watoke, wamwachie dada yao hiyo simu.